Taa ya Mwindaji kwenye Lori la Pamba

Juzi jirani yangu, kijana mmoja dereva, alileta lori jipya la tajiri wake mpaka mlangoni kwangu ili nilisifu. Jua lilikuwa limeshazama. Aliniamkia vizuri, "Shikamoo babu," nikaitikia marahaba, kisha akapanda akawasha taa zote kwa mkupuo. Ukuta wa nyumba yangu ukawa mweupe wote na kuku waliokuwa wamelala mtini wakashuka wakidhani kumekucha. Nikamwambia, "Zima." Akacheka. "Babu, ukiwa na hizi barabarani huogopi kitu." Nikamwambia tena azime, na nadhani safari hii sauti yangu haikuwa ya babu, kwa sababu alizima haraka na hakucheka tena.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiambia niwaandikie ninyi mnaoshika usukani sasa. Sina hamu kubwa ya kuandika. Miaka thelathini na ushee ya barabara imeniachia mgongo mbovu na macho yanayotoa machozi bila kilio. Lakini kukaa kimya nako kunachosha, basi bora nichoke nikiwa nimesema.

Enzi za Mwingereza nilikuwa dereva wa Bwana Valji, Mhindi mfanyabiashara wa pamba hapa Mwanza. Msidhani alikuwa mgeni. Alizaliwa hapa hapa mjini, nyuma ya duka la baba yake, na Kisukuma chake kilinishinda mimi Msukuma, hasa upande wa matusi. Kazi yangu ilikuwa kuzoa magunia ya pamba kutoka Kisesa na vijiji vya mbele yake, nikayafikisha kiwandani kuchambuliwa. Tulisafiri usiku, na si kwa kupenda. Mchana matairi yalipasuka kwa joto, maji ya rejeta yalichemka kila kilima, na ukifika kiwandani adhuhuri unakuta malori yamejipanga mpaka nje ya lango. Ukifika alfajiri unashusha mzigo mapema, unakwenda kulala. Kwa hiyo nusu ya ujana wangu niliiona kwa upana wa taa mbili tu.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Feruzi, Mmanyema wa Tabora, mtu mfupi mwenye mikono mirefu, aliyejifunzia udereva jeshini wakati wa vita ya Mjerumani. Alikuwa akiendesha lori la pili la Bwana Valji. Feruzi hakuwa mtu wa kupiga kelele. Ukikosea alizima injini, akavuta sigara yake taratibu mpaka mwisho, ndipo akakuuliza, "Umeshajua?" Kama bado hujajua, aliwasha ya pili. Mwaka wangu wa kwanza nadhani nilimharibia mapafu.

Lori la kwanza nililoshika halikuwa na taa za umeme. Lilikuwa na taa za kabaidi, na ninyi hamzijui, basi niwaeleze. Kulikuwa na kopo lenye sehemu mbili. Chini unaweka mawe ya kabaidi, juu unaweka maji, na kuna kijiti cha kupunguza au kuongeza matone. Maji yakidondokea mawe inatoka gesi inayonuka kama kitunguu saumu kilichooza, inapita kwenye mpira hadi taani, unaiwasha kwa kiberiti. Ukizidisha maji, taa inakohoa na kukuunguza nyusi. Ukipunguza sana, unaendesha kwa kukumbuka. Na maji yakikuishia porini, mbali na mto, dereva na utingo wake walikuwa wakitazamana, halafu mmoja alishuka na kopo nyuma ya gari. Utingo wangu, Mabula, alikuwa mtu mzima kuliko mimi, ana wajukuu, na alikuwa akijisifu kwamba amewahi kutufikisha Mwanza kutoka Magu kwa pombe ya mtama aliyokunywa mchana.

Taa zile zilikuwa hafifu. Ulimwona mtu akiwa karibu sana, kwa hiyo ulikwenda mwendo wa baiskeli. Tulilalamika kila siku. Laiti ningejua, nisingelalamika hivyo.

Feruzi alinifundisha mambo ambayo nawapa bure. Ukiona taa za mwenzako zinakuja, funga jicho la kulia, lililo upande wake. Mkishapishana, lifumbue. Jicho hilo lililolala gizani litaiona barabara kabla ya lile lililopigwa mwanga. Usimtazame anayekuja, tazama majani ya ukingo wa kushoto, na uyafuate hayo. Kioo cha taa kisugue kwa majivu na kitambaa kikavu kila mnaposimama, kwa sababu vumbi jembamba hutawanya mwanga ukakurudia mwenyewe. Tena ng'ombe, mbuzi na fisi, macho yao hurudisha mwanga, utayaona tangu mbali. Macho ya mtu hayarudishi. "Kwa hiyo ukiona giza tupu," Feruzi aliniambia, "usiseme hakuna kitu. Sema huenda kuna mtu."

Na tulikuwa na desturi yetu madereva wa pamba. Mkikutana usiku, asiye na mzigo ndiye anayesimama pembeni na kuzima taa zake kabisa. Mwenye mzigo anapita na taa zake, na akifika usawa wa mwenzake anagonga mlango wake kwa kiganja mara mbili. Hiyo ndiyo asante. Hapakuwa na sheria wala askari wa kutulazimisha. Asiyezima alijulikana hadi Musoma, na siku akikwama kwenye tope malori yalimpita yakimpungia mkono.

Baadaye malori yakaja na taa za umeme, tukashukuru. Kisha msimu mmoja, kabla ya vita ya pili, Bwana Valji akanunua taa kutoka kwa Mzungu mmoja mwindaji aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa ya shaba, ya duara, kubwa kama sinia. Wakaifunga kwenye nguzo ya mlango upande wangu, na ndani kulikuwa na mkono wa kuizungusha utakako, juu, chini, kushoto, kulia. Mzungu yule alikuwa akiitumia kumduwazia mnyama. Mnyama akimulikwa husimama, hajui pa kwenda, hupigwa risasi amesimama vilevile. Bwana Valji alieleza hayo kwa furaha akiigiza swala, na sisi tukacheka.

Kichwa changu kilivimba. Madereva wengine waliniita Bwana Mchana, na mimi nikalipenda jina. Nilipopita vijijini watu walitoka nje kutazama. Wanawake waliochelewa mtoni walinishukuru kwa kuwamulikia njia. Safari moja pale Kisesa tulikuta harusi, na mwenye harusi akaja akanishika mikono yote miwili, "Baba, tusaidie mwanga kidogo, watu wacheze." Nikaelekeza taa uwanjani. Watu walicheza mpaka vumbi likafika juu ya nyumba, wazee wakatunga wimbo wa kumsifu dereva, na mimi nimekaa juu ya boneti kama chifu. Alfajiri betri ilikuwa imekufa kabisa. Lori lilikuwa na pamba juu, hendeli tukaizungusha mpaka mikono ikatoka malengelenge, injini kimya. Mwishowe harusi nzima ikalisukuma lori, wajomba wa bibi harusi wakiwa na kanzu zao, na bwana harusi mwenyewe akaanguka kifudifudi vumbini. Bwana Valji alinitukana kwa Kisukuma kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimechoka lakini bado nausikia ule wimbo.

Nawaeleza haya ili mjue nilikuwa mtu gani. Sikuwa mkorofi. Niliamini kwamba mwanga ni zawadi, na mwenye mwanga mwingi ni mtu mwema.

Feruzi peke yake hakuisifu ile taa. Usiku mmoja nilikuwa sina mzigo, yeye anakuja na magunia juu. Kwa desturi ilinipasa nisimame nizime. Nilisimama, nikazima taa za kawaida, lakini ile kubwa nikaiacha, nikaielekeza barabarani mbele yake, eti nimsaidie kuona mashimo. Nikasikia breki, kisha magunia yanadondoka, na lori la Feruzi likalala ubavu mtaroni. Alitoka kupitia dirishani, mzima, goti tu limechubuka. Nilimkimbilia nikimwomba radhi. Alinishika bega akanikalisha kwenye ukingo wa mtaro, akarudi kwenye lori langu, akanielekezea taa usoni, akawasha sigara.

Nilikaa pale muda wote wa sigara ile. Mwanzo niliona weupe. Halafu nikaona weupe wenye maumivu. Nilipofunga macho weupe uliingia hata ndani ya kope. Sikujua mkono wangu uko wapi wala mtaro unaanzia wapi, na nilipojaribu kuinuka nilianguka. Alipozima nilibaki kipofu kabisa, nikamsikia Mabula na wengine wakipakia magunia na mimi siwezi kuwasaidia.

"Umeshajua?" Feruzi akauliza.

"Nimejua, mzee."

Na nilijua kweli, ila nilijua nusu. Kuanzia siku ile nilimzimia kila dereva niliyekutana naye, taa kubwa na ndogo, mpaka wakaanza kunisifu kwa adabu. Lakini nilijifunza kumzimia mwenye taa mwenzangu tu. Mtu wa miguu, mchunga ng'ombe, mwenye mtumbwi, hao niliendelea kuwamulika, na nilidhani nawafadhili.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mnisamehe nikienda polepole.

Nilikuwa nimemwoa Minza, binti wa Busisi, ng'ambo ya ziwa. Nyinyi wa siku hizi mnakaa meza moja na mama wakwe zenu, mnacheka nao, sawa, dunia yenu. Kwetu wakati ule, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakutazamana usoni. Ukimwona njiani anakuja, unaingia majanini, unampa mgongo, naye anajifunika na kupita. Akitaka kukusalimu anakaa upande wa pili wa ukuta. Haikuwa chuki, ilikuwa heshima kubwa kuliko zote. Miaka miwili ya ndoa nilimjua mama mkwe kwa sauti nzito ya nyuma ya ukuta na kwa viazi vyake vikavu, matobolwa, ambavyo alinitumia kila msimu kwa ajili ya safari. Alisikia kwamba madereva hula ovyo. Alinipenda, na uso wake sikuwahi kuuona.

Minza alipokaribia kujifungua mtoto wetu wa kwanza alikwenda kwa mama yake, kama ilivyo desturi. Alasiri moja, nikiwa kiwandani nashusha pamba, akaja mtu na baiskeli, amelowa jasho.

"Wewe ndiye mume wa Minza?"

"Ndiye."

"Ana uchungu tangu jana asubuhi, mtoto hashuki. Wakunga wameshindwa. Wanamvusha leo giza likiingia, ziwa likitulia. Baba mkwe anasema uje na gari Kigongo, upande wenu wa ziwa, umkimbize hospitali ya mjini."

Nilikwenda mbio kwa Bwana Valji. Hakuniacha nimalize. "Chukua lori," akasema, "pamba haifi." Nikamchukua Mabula, tukashika njia.

Tulifika Kigongo magharibi. Usiku pale palikuwa na mitumbwi tu na wapiga makasia wake. Ufuo ule una majabali, mengine yametokeza, mengine yamejificha chini ya maji kidogo tu, na wapiga makasia walikuwa na njia yao ya kuingia. Mzee mmoja wa pale ufukweni aliweka koroboi, taa ndogo ya kopo, chini kabisa kati ya mawe mawili. Juu yake kulikuwa na jabali kubwa jeusi. Wapiga makasia walitafuta weusi wa jabali kwenye anga, kisha wakatafuta nukta ya koroboi chini yake, na kati ya hivyo viwili ndipo penye maji safi. Mzee alinieleza hayo yote wakati tunasubiri, ili kunituliza moyo. Nilisikiliza kwa sikio moja.

Tulikaa muda mrefu. Halafu nikasikia makasia, na juu ya makasia nikasikia sauti ya mke wangu akilia. Sauti juu ya maji husafiri, unadhani mtu yuko ubavuni pako. Hakuwa akilia kwa nguvu. Alilia kama mtu aliyekwisha kukata tamaa. Nikatazama ile koroboi, kimwanga kama cha kimulimuli, nikaona ni aibu. Mimi Bwana Mchana nimekaa gizani na mke wangu anakuja kwa koroboi!

Lori lilikuwa limeelekea ziwani. Nikapanda, nikawasha taa zote, ikiwemo ile ya mwindaji.

Mzee wa ufukweni akaja mbio akapiga mlango. "Bwana, zima hizo! Hawaoni!"

Nikamjibu, na neno hili nimelisikia kila siku ya maisha yangu, "Wataona vizuri zaidi."

Mtumbwi ulikuwa umbali wa kama hatua sitini. Niliwaona wapiga makasia wanne, wameweka mikono machoni, makasia yamesimama. Mtumbwi ukaanza kugeuka ubavu. Nikadhani wamepotea njia, basi nikashika mkono wa ile taa nikawafuata nayo. Mwanga ukaangukia katikati ya mtumbwi. Minza alikuwa amelala, amefunikwa nguo. Juu yake alikuwa amepiga magoti mwanamke, kifua wazi, amebaki na kitambaa cha kiunoni tu, na uso wake umenielekea.

Nilijua mara moja ni nani. Ilinipasa nishushe macho, au nishushe taa. Sikushusha chochote. Nilikuwa nafikiria jambo moja tu, kwamba nisimpoteze Minza kwenye mwanga.

Mama mkwe aliinua mkono kujiziba. Hakuwa na kitu cha kujifunikia. Akageuka upande mmoja, na kwa kuwa mtumbwi nao ulikuwa unahama, nikazungusha taa nikaufuata. Akageuka upande wa pili, ameinama kabisa, amelalia ukingo wa mtumbwi, nami nikaufuata tena. Mtumbwi ukainama upande huo, ukagonga jiwe lililojificha, ukapinduka.

Mabula ndiye aliyezima taa za kawaida, akakata waya wa ile kubwa kwa mkono wake. Kukawa giza, na katika giza hilo hakuna aliyeona hata kidole chake, si sisi wa nchi kavu, si wale wa majini. Macho yetu sote yalikuwa yamejaa ile taa. Nilikimbilia majini nikianguka kwenye mawe, naita Minza. Muda ule tuliokuwa vipofu haukuwa mrefu, lakini ndio uliohitajika. Wapiga makasia macho yalipowarudia walimpata Minza ameshikilia kasia, wakamvuta. Walihesabiana kwa majina. Mama mkwe aliitwa mara nyingi. Hakuitika.

Nilimchukua Minza mjini kwa taa ndogo, mwendo wa baiskeli, Mabula akabaki kutafuta. Alfajiri hospitalini akazaliwa mtoto wa kike, mzima. Siku ya tatu Mabula akaja kuniambia wamempata mama mkwe kwenye matete.

Matangani baba mkwe alisimama mbele ya watu. Alikuwa mtu mpole. Alisema, "Mkwe wangu aliacha kazi, akaja na gari la tajiri wake, akawamulikia. Asingekuja, leo tungezika watatu. Mungu amwone." Watu wakaitikia. Wapiga makasia walikuwepo, na yule mzee wa koroboi alikuwepo, wote wakatazama chini. Labda walinionea huruma. Na mimi niliipokea shukrani ile kwa mikono miwili, nikasema asante baba. Vijana, nimebeba magunia mengi, ile shukrani ndiyo iliyonivunja mgongo.

Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Mimi sikwenda zangu, nilikaa pale nautazama wema wangu mwenyewe.

Feruzi nilimweleza kila kitu. Alivuta sigara mbili, moja baada ya nyingine, na hakuniuliza lolote. Kisha akanisaidia kufungua skrubu za ile taa. Bwana Valji tulimwambia waya umeungua, naye akaipeleka kwa fundi, akaifunga kwenye lori jingine. Taa haikuwa na kosa. Nilikuwa nikikutana nayo barabarani miaka kadhaa baadaye, na dereva wake alikuwa kijana mzuri, alinizimia kila mara.

Minza hakuutaja usiku ule mpaka mtoto alipoacha kunyonya. Siku hiyo alikuwa anabangua karanga, mimi nimerudi safari. Akaniambia bila kuinua kichwa.

"Nilikuwa natetemeka kwa baridi. Mayu, mama yangu, akavua nguo yake ya juu akanifunika. Ilikuwa giza, hakuna wa kumwona, hata wale wa makasia walikuwa wamempa mgongo. Taa ilipompiga akasema, 'Minza, mkwe ananiona.' Akageuka huku, taa ikaja huku. Akageuka kule, taa ikaja kule."

Akabangua karanga chache.

"Akasema, 'Mbona haachi?'"

Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa namtafuta yeye, mke wangu, si mama yake. Minza aliishi nami miaka mingi baada ya hapo, akanizalia watoto wengine watano, na hakulitaja tena jambo hilo hata tulipogombana. Majuto ni mjukuu, husema watu. Yangu yameshaota ndevu.

Basi mnaponiletea malori yenu yenye taa za kufukuza kuku mtini, mnivumilie nisipowasifu. Mnasema barabara ni ngumu usiku, na ni kweli, nimeichoka mimi kabla yenu. Shusheni taa mnapomwona dereva mwenzenu, hilo mnalijua. Lakini shusheni pia mnapomwona mtu anayetembea na ndoo kichwani, na mwenye ng'ombe, na wanawake wanaotoka mtoni. Hawana taa ya kuwarudishia, wala hawawezi kuwaambia mzime. Kama kuna jambo la lazima la kuona, shuka ukatazame kwa miguu. Utachelewa, ndiyo. Mimi sijawahi kusikia pamba iliyokufa kwa kuchelewa.

Minza alifariki mwaka juzi. Yule mtoto aliyezaliwa alfajiri ile sasa ni mwanamke mzima, ana watoto wanne na anafundisha shule. Alipokuwa mdogo alifanana na mimi, watu wakacheka. Alipofika umri wa makamo uso ukabadilika, ukaja uso mwingine, wenye paji pana na macho yaliyokaa mbalimbali, na hakuna aliye hai anayeujua uso ule isipokuwa mimi, niliyeuona mara moja kwa hatua sitini. Kila Jumapili ananiletea chakula. Ananiamkia, namwitikia huku natazama miguu yake, au natazama ukuta. Mwezi uliopita aliweka bakuli chini, akasimama mbele yangu, akaniuliza, "Baba, nilikukosea nini? Mbona huniangalii?"

Nilivuta bakuli, nikaanza kula. Nimewaandikia ninyi vijana, lakini yeye naye anajua kusoma.